UZI: Kujifunza imani kwa wazee Wakristo ukiwa ughaibuni: wanapatikana wapi, waulizwe nini, na yapi huharibu

Mshika Taa (mwanzisha uzi)

Wakuu, Bwana asifiwe.

Mtu akihamia ughaibuni huambiwa atafute kanisa lenye vijana, lenye muziki mzuri, lenye watu wa kwao. Si vibaya. Lakini karibu kila kanisa la zamani lina watu wa miaka 80 na kitu ambao wamekuwa wakisali sala ileile tangu utotoni, na mgeni huwapita mlangoni akidhani hawana la kumpa. Nimefungua uzi huu tuelekezane namna ya kujifunza kwao.

Msimamo wangu ni huu: mzee ukimwuliza imani ni nini, atakupa jibu fupi la kitabuni na mazungumzo yataishia hapo. Imani yake imo katika yale anayoyarudia kila siku. Ingia kwanza katika marudio hayo, maswali yafuate. Tito 2:3-5 inawapa wanawake wazee kazi ya kufundisha, na 1 Timotheo 5:1-2 inataka usemezane nao kama baba na mama. Halafu mtazame Ana, yule mjane wa miaka 84 wa Luka 2:36-38. Tunaambiwa alimnena yule mtoto, lakini maneno yake hayakuandikwa. Kilichoandikwa ni kwamba hakubanduka hekaluni, akifunga na kuomba usiku na mchana.

Wanapatikana wapi? Ibada kuu ya Jumapili ni mahali pabaya pa kuanzia kwa sababu watu ni wengi na kila mtu ana haraka. Nenda ibada ya kwanza kabisa ya Jumapili, mara nyingi saa 2 asubuhi, au ibada na Misa za katikati ya juma. Hapo unaweza kukuta watu wanane, sita kati yao wazee. Kwa Wakorea nenda sala ya alfajiri, ambayo huanza kati ya saa 10 na saa 12 kabla jua halijachomoza. Bibi na babu wengi hawaikosi.

Mwezi wa kwanza usiulize lolote zito. Kaa kiti kilekile kila mara, safu moja nyuma yao, ili uone wanafungua kitabu ukurasa upi na wanasimama lini. Wiki ya pili jitambulishe kwa jina moja fupi na uliseme polepole. Wiki ya tatu omba kazi ndogo: kukusanya vitabu vya nyimbo, kuosha vikombe, kubadilisha maji ya maua. Katika nchi nyingi za kaskazini mwa Ulaya mtu haongei habari za sala zake uso kwa uso na mgeni, ila mikono ikiwa kazini ulimi hulegea. Wiki ya nne ndipo unaomba miadi, na uiombe kwa siku na saa: "Naweza kukutembelea Alhamisi saa 4 asubuhi, kwa nusu saa?" Ukiambiwa "karibu siku moja," huo bado ni uungwana tu, mwaliko haujatoka. Usiende bila kupiga simu.

Binti Sayuni

Asante mkuu, hii ilikuwa inahitajika. Ila kwa asiyeijua lugha ya nchi vizuri inakuwaje? Mzee anasema haraka, ananukuu mstari, ukifungua Biblia yako ya Kiswahili unakuta kitu kingine kabisa.

Mfasiri

Dada, hilo la mstari kutolingana huwapoteza wengi, na mara nyingi kosa haliko kwenye lugha. Liko kwenye hesabu.

Kwanza Zaburi. Waorthodoksi, na Biblia za Kikatoliki za zamani, hufuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini, ambayo inaziunganisha Zaburi ya 9 na ya 10. Kuanzia hapo karibu hadi mwisho wako nyuma kwa moja: ya 23 kwako ni ya 22 kwao, ya 51 ni ya 50, ya 91 ni ya 90. Mzee wa Kiorthodoksi akikuambia anasali Zaburi ya 50 kila asubuhi, anasema ile ya toba, "Unirehemu."

Pili, mistari yenyewe. Biblia za Kijerumani na baadhi ya za Kifaransa huhesabu kichwa cha Zaburi kuwa mstari. Ombi la kuumbiwa moyo safi, ambalo katika Union Version, ile Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka, ni 51:10, kwao ni 51:12. Usimsahihishe mzee, tafuta mistari miwili mbele.

Tatu, Amri Kumi. Kwa Wakatoliki na Walutheri "Usizini" ni amri ya sita. Kwa Waanglikana, Wareformati (makanisa yaliyomfuata Calvin) na Waorthodoksi ni ya saba. Mzee akisema "amri ya nne" bila kuitaja, uliza ni ipi kabla ya kujibu, maana kwa mmoja ni Sabato na kwa mwingine ni kuwaheshimu wazazi.

Kuhusu lugha: kalenda ya masomo ndiyo mkombozi. Wakatoliki, na Waprotestanti wengi wa Marekani na Uingereza wanaofuata kalenda ya pamoja ya masomo ya mwaka 1992 (Revised Common Lectionary), huzunguka kwa miaka mitatu: A ni Mathayo, B ni Marko, C ni Luka, na Yohana husomwa zaidi wakati wa Pasaka. Mwaka hubadilika Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma yanayotangulia Krismasi, wala hausubiri Januari. Waprotestanti wa Ujerumani wana mzunguko wa mahubiri wa miaka sita. Pata masomo ya Jumapili siku tatu kabla, yasome kwa Kiswahili mara mbili, kisha yasome kwa lugha ya pale kwa sauti. Ukifika, nusu ya maneno atakayotumia mzee unayo tayari.

Na utafute tafsiri anayoitumia yeye, hata kama ni ya kizamani. Wazee wanaojua Kiingereza wengi walikariri King James ya 1611, Wafaransa Waprotestanti wana Segond ya 1910, Wajerumani wana Luther. Tafsiri mpya ni rahisi kwako, lakini ukimsomea hiyo hataitambua na hataweza kuimalizia.

Muuguzi wa Zamu

Naongeza upande wa mwili, kwa kuwa mazungumzo mengi huvunjika hapo na watu hudhani mzee hataki kuongea.

Usikivu wa uzeeni hupotea kwanza kwenye sauti nyembamba. Mzee anasikia kwamba unaongea, ila s, f, sh na t zinapotea, hivyo maneno yanafanana. Kupiga kelele kunazidisha tatizo, kwani sauti hupanda na kuwa nyembamba zaidi. Shusha sauti yako iwe nzito, kaa umbali wa mita moja hivi, mwanga uangukie uso wako wewe (usikae umeipa dirisha mgongo), na useme sentensi moja halafu unyamaze. Asipoelewa, badilisha maneno. Kuyarudia yaleyale mara tatu humfedhehesha. Kwa mwenye lafudhi ya kigeni haya ni lazima.

Ukumbi wa chai baada ya ibada, wenye vikombe na watu arobaini wanaoongea kwa pamoja, ndio mahali pagumu kuliko pote kwa mwenye kifaa cha sikio. Watu wengi humfuata mzee hapo, wanapata "ndiyo, ndiyo" na tabasamu, wanaondoka. Makanisa mengi yana waya uliozungushiwa ukumbi unaopeleka sauti ya maikrofoni moja kwa moja kwenye kifaa. Alama yake ni sikio lenye mstari, mara nyingi na herufi T. Kifaa kinatakiwa kiwekwe kwenye T. Wazee kadhaa hawajui kwamba chao kinaweza, na kumwonyesha ni huduma kubwa.

Muda: asubuhi kati ya saa 4 na saa 6. Baada ya chakula cha mchana wengi hulala, na mwenye ugonjwa wa kusahau huweza kuchanganyikiwa zaidi jua likielekea kuzama. Dakika 30 hadi 45 zinatosha. Kama unapeleka maandishi, chapa kwa ukubwa wa pointi 16 hadi 18, wino mweusi, karatasi isiyong'aa.

Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau usianze na "unakumbuka?" Hilo ni mtihani, na atajiona ameshindwa. Anza mstari wa kwanza wa sala au wimbo aliojifunza utotoni, kwa tafsiri ileile, kisha nyamaza hata sekunde kumi. Mara nyingi atauendeleza mwenyewe, hata kama jina lako hajui. Akikosea usimrekebishe. Mtu aliyesahau watoto wake akasali Baba Yetu mpaka mwisho anakufundisha jambo kuhusu sala ambalo hakuna mhubiri awezaye kulieleza, nalo ni kwamba kilichorudiwa miaka 75 kimezama chini kuliko kumbukumbu za kawaida.

Katekista Mstaafu

Muuguzi umenena vema. Baba Yetu hiyohiyo ina mtego: katika Rozari na sala za nyumbani Wakatoliki huishia "utuokoe maovuni, amina," na Waprotestanti huendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako." Ukisali na mzee, mwache aongoze na usikilize anapoishia.

Kwa wazee wa Kikatoliki, mlango mwepesi ni Rozari. Mpangilio wa siku ulibadilika mwaka 2002, Papa Yohane Paulo II alipoongeza Matendo ya Mwanga, fungu la nne la matukio yanayotafakariwa katika Rozari. Sasa ni Furaha Jumatatu na Jumamosi, Uchungu Jumanne na Ijumaa, Utukufu Jumatano na Jumapili, Mwanga Alhamisi. Kabla ya hapo Alhamisi ilikuwa Furaha na Jumamosi Utukufu, na wazee wengi wamebaki hapo. Usimwambie amekosea siku. Mpango wa 2002 ulitolewa kama pendekezo, na wa zamani unasaliwa bila tatizo. Mwulize ni tendo lipi humchukua muda mrefu zaidi na kwa nini. Swali hilo moja linaweza kujaza saa nzima.

Mzee aliyezidi miaka 80 alikuwa mtu mzima au kijana wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano wa maaskofu wa 1962 hadi 1965. Alisali Misa ya Kilatini kabla ya lugha za watu kuingia, na utotoni alifunga tangu usiku wa manane kabla ya Komunyo. Leo mfungo ni saa moja, na wazee, wagonjwa na wanaowahudumia hawabanwi hata na hiyo. Mwulize nini kilibadilika katika sala yake Kilatini kilipoondoka. Usimwulize kipi ni bora. Hapo utapata ubishi wa kambi mbili na hutajifunza kitu.

Anapoletewa Ekaristi nyumbani: zima simu, mezani pawe na kitambaa cheupe na mshumaa kama anataka, ukae au upige magoti kadiri ya hali. Kama si Mkatoliki usinyooshe mkono kupokea. Kwa Waorthodoksi ni vilevile, ila mwisho wa ibada kuna mkate uliobarikiwa ambao kwa desturi hugawiwa na mgeni pia. Huo pokea.

Mberoya

Uzi mzuri, ila nina pingamizi. Mnawasifu wazee kana kwamba umri ni mafundisho. Wapo wazee waliorithi dini ya utaifa, wapo wenye ubaguzi, wapo wanaochanganya imani na ushirikina wa kwao. Matendo 17:11 inawasifu Waberoya kwa kumchunguza hata Paulo. Kijana aliye peke yake ughaibuni, mwenye njaa ya wazazi, ni mwepesi kumeza chochote.

Mshika Taa

Mberoya, pingamizi lako nalikubali. Ndiyo maana naandika daftari kwa safu tatu: alichosema kwa maneno yake mwenyewe, andiko alilolitegemea, na nilichokikuta nilipolisoma andiko hilo pamoja na sura yake nzima. Safu ya kati ikibaki tupu, hiyo ni desturi au maoni, iheshimu, usiijengee. Na uwe na wazee wasiopungua wawili, wa makanisa tofauti ikiwezekana. Wanapokubaliana bila kujuana, hapo pana uzito.

Kuhusu ubaguzi: akisema neno la kudharau ulikotoka, mwulize kwa utulivu alilipata wapi. Wengine hurudia lugha ya ujana wao na watashukuru kuambiwa. Akilirudia baada ya kuambiwa, punguza ziara. Hakuna amri ya kukaa chini ya dharau ili ujifunze Zaburi.

Binti Sayuni

Sasa mtupe maswali yenyewe. Maswali yanayofungua mtu.

Mshika Taa

Anza na vitu. Omba kuiona Biblia yake, usikilize kwanza anavyoishika. Ukiona mstari umepigiwa wino au kuna tarehe pembeni, uliza: "Hapa palitokea nini?" Kisha haya, moja kwa ziara, si yote kwa siku:

Sala gani uliijua kabla hujajua kusoma, na nani alikufundisha?
Wimbo gani huwezi kuuimba mpaka mwisho?
Ni ombi gani uliomba miaka mingi bila kujibiwa, na sasa unaliombaje?
Kitu gani ulikiamini kwa nguvu ukiwa na miaka 30 na sasa unakishika tofauti?
Unapokosa usingizi usiku unasali nini?

Hilo la tatu lisubiri mpaka mmezoeana. Linagusa watoto waliofariki, ndoa, wana walioacha kanisa. Uzeeni hakuna maumivu ya imani yaliyo mengi kama mtoto aliyeacha kusali, na mzee anayeendelea kumwombea kila asubuhi bila kumlaumu anakufundisha subira kwa vitendo. Akilia, usiharakishe kumfariji kwa mstari. Kaa.

Historia ya nchi nayo ijue kabla. Mzee wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki alikua wakati serikali, tangu katikati ya miaka ya 1950, inasukuma sherehe yake ya vijana, Jugendweihe, ishindane na kipaimara. Aliyechagua kanisa aliweza kunyimwa nafasi ya masomo. Albania ilijitangaza nchi isiyo na dini mwaka 1967, ibada zikapigwa marufuku. Watu hao walijifunza kusali bila kutikisa midomo. Usiwaulize kwa shauku ya mtafuta habari. Uliza mambo madogo: mlificha wapi kitabu, nani alibatiza watoto, Pasaka mliijuaje tarehe yake.

Mama Kwaya

Mbona nyimbo zimepita haraka hivyo? Wazee wengi wa Kiprotestanti teolojia yao yote imo kwenye kitabu cha nyimbo.

Fungua nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mara nyingi kuna orodha ya tuni na vipimo, tarakimu kama 8.7.8.7 au 8.6.8.6. Hizo ni hesabu za silabi kwa kila mstari. Nyimbo zenye kipimo kimoja zinaweza kuimbwa kwa tuni moja, ingawa mkazo wa maneno hukataa mara nyingine. Kwa hiyo hata usipojua wimbo wa kwao, tafuta tuni unayoijua yenye kipimo kilekile, na utaimba nao Jumapili hiyohiyo. Mwombe mzee akuchagulie nyimbo tano ambazo angetaka ziimbwe kwenye mazishi yake. Wengi wameshaziandika, na wanapenda kueleza kwa nini ni hizo. Ukijua beti za kwanza mbili za kila mmoja kwa moyo, una msingi.

Pia kuna Siku ya Maombi ya Dunia, Ijumaa ya kwanza ya Machi. Kila mwaka wanawake wa nchi moja huandaa ibada, na dunia nzima huisali. Katika miji mingi waandaaji ni akina mama wazee wa madhehebu mchanganyiko, na wanatafuta mikono. Jitokeze Januari, si Februari mwishoni, maana mazoezi ya kusoma na kuimba huanza mapema.

Mfasiri

Hapo kwenye marudio ya kila siku niongeze mbili. Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, wamekuwa wakichapa kijitabu cha neno la kila siku tangu 1731: mstari wa Agano la Kale hupatikana kwa kura, wa Agano Jipya huchaguliwa uendane nao. Kipo katika lugha zaidi ya 50, na wazee wengi wa Kijerumani, hata wasio Wamoraviani, husoma hicho kabla ya chai ya asubuhi. Na Waanglikana wenye kitabu cha sala cha 1662 humaliza Zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni. Ukijua leo ni tarehe ngapi, unajua bibi yule anasoma Zaburi zipi. Zisome na wewe kwako, kisha mpigie Alhamisi: tayari mna jambo la kuzungumza.

Shemasi Mgeni

Wakuu, mambo ya fedha na sheria yasisahauliwe, maana ndiyo yanayowaharibia wageni jina.

Kwenye nyumba ya kulelea wazee utasaini unapoingia na unapotoka. Ukitaka kwenda mara kwa mara kama mtu wa kujitolea utaombwa cheti cha kuonyesha huna rekodi ya jinai: England na Wales ni DBS, Ujerumani ni Führungszeugnis. Pitia kanisa, lina utaratibu wake na huchukua wiki kadhaa. Ukiwa na kikohozi au tumbo la kuhara, usiende kabisa.

Usipokee fedha wala pete wala "chukua tu hii saa ya marehemu." Usisaini kama shahidi wa wosia, usishike kadi yake ya benki hata kwa kumnunulia maziwa, na usikope. Akisisitiza kukupa zawadi, mwambie mtoto wake au mchungaji siku hiyohiyo, kwa maandishi. Jitambulishe kwa familia mapema: jina, kanisa, siku unazokuja. Watoto wanaoishi mbali wana haki ya kuuliza mgeni huyu anataka nini kwa mama yao, na vizuri jibu wawe nalo kabla hawajauliza.

Kurekodi: omba ruhusa kila mara, si mara moja tu, na ruhusa yenyewe isikike mwanzoni mwa rekodi. Zima televisheni na redio, weka simu juu ya kitambaa (meza tupu inarudisha mwangwi), kama sentimita 30 kutoka kwake. Usiweke mtandaoni. Maungamo, magonjwa na mambo ya watoto wake yafute au usiyarekodi. Nakala moja mpe yeye au familia.

Binti Sayuni

Na ukihama mji, au mkataba wa kazi ukiisha?

Mshika Taa

Mwambie wiki sita kabla, si siku ya mwisho. Mtafutie mtu wa kuchukua siku yako ya Alhamisi, umpeleke mara mbili mkiwa pamoja. Kisha mwandikie kwa barua ya karatasi, mwandiko mkubwa, ukurasa mmoja: ulichosoma, swali moja, ombi moja. Simu ya video huweza kumchosha mwenye kifaa cha sikio, hasa picha na sauti zisipoenda sambamba. Mwulize ipi humfaa, na umpigie saa ileile ya siku ileile. Na omba akupe jina la mtu mmoja wa kumwombea kila siku, nawe umpe lako. Wazee huliandika, huliweka ndani ya Biblia, na huliombea kweli.